Shangazi, meneja anataka nipokee wanafunzi sita wa uhandisi, nami naogopa kuwafanyia nilivyofanyiwa

Shangazi, shikamoo.

Ni mara yangu ya kwanza kukuandikia, ingawa safu hii naisoma tangu nikiwa chuoni. Nina miaka 38, ni mhandisi wa mitambo, na naongoza idara ya matengenezo katika kiwanda cha chupa za plastiki. Idara ina watu tisa, nikiwamo mimi. Hadi miezi miwili iliyopita tulikuwa kumi na mmoja. Mafundi wawili waliacha kazi na nafasi zao bado ziko wazi.

Wiki iliyopita meneja wa kiwanda aliniita ofisini kwake, akanipa barua kutoka chuo kimoja. Chuo kinaomba nafasi za mafunzo kwa vitendo kwa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa tatu, kwa wiki kumi. Pembeni mwa barua meneja alikuwa ameshaandika kwa kalamu: "Sita." Akaniambia, "Haya, umepata watu. Wawili wazibe pengo la wale waliotuacha, wanne utajua pa kuwaweka." Nilipomuuliza kuhusu posho, akasema hawa wa fildi wanatosheka na cheti na barua ya kuwatambulisha, na kwamba hata sisi tulipita hukohuko. Chuo kinataka jibu ndani ya wiki mbili.

Ni kweli, Shangazi, nilipita huko, na ndiyo maana silali. Nilipokuwa mwanafunzi nilipelekwa katika kampuni moja kwa wiki nane. Siku ya kwanza nilifika na buti mpya, nimezifunga kamba mpaka juu. Nilipewa meza karibu na mlango. Nikawa napika chai, natoa nakala, napanga mafaili. Mitambo nilikuwa naisikia tu ukutani, kwa upande wa pili. Daftari la chuo lilitaka niandike kila siku nimejifunza nini, basi nikaanza kunakili kutoka kwenye vitabu vya maelekezo vya mashine. "Leo tumebadilisha beringi ya mota." Sikuwahi hata kuishika hiyo beringi. Siku ya mwisho msimamizi alisaini kurasa zote kwa mkupuo, huku anaongea na simu. Nikapata alama za juu. Nilipoajiriwa, fundi mmoja aliniomba nimwondolee beringi kwenye shafti, nami nikasimama pale nimeshika nyundo, sijui nianzie wapi. Aibu ile niliificha karibu miaka miwili.

Niliapa sitamfanyia mtu hivyo. Sasa sikia nilichofanya.

Mwaka jana tulipokea kijana mmoja kwa wiki nane. Sikumwandalia chochote. Nilimkabidhi kwa fundi mkuu wetu, ambaye sote tunamwita Mzee. Ana miaka 27 kiwandani, na mashine ikianza kuharibika yeye huisikia kabla ya kipimo chochote. Lakini kufundisha hataki. Nilipomuuliza sababu, akanijibu, "Nikishamfundisha, mimi mtanihitaji kwa lipi?" Kijana akawa anamfuata tu nyuma, haelezwi kitu, naye haulizi.

Wiki ya tano mkanda wa kubebea chupa ulikwama. Mzee aliuzima kwa swichi, akafungua kinga ya mnyororo, akaenda kuchukua spana. Kijana akaona kipande cha plastiki kimenasa kati ya mnyororo na gia, akaingiza mkono akitoe. Nadhani alitaka aonekane anafanya jambo. Wakati huohuo mwendesha mashine alirudi kutoka mapumziko, akanyoosha mkono kuwasha. Mzee alipiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. Hakuna aliyeumia. Jumatatu yake kijana hakurudi.

Mwezi mmoja baadaye akanitumia daftari lake. Lilikuwa limejazwa wiki zote nane. Akaniomba nisaini, la sivyo angerudia mwaka. Nikasaini, Shangazi. Zote nane. Sijamwambia mtu yeyote.

Nikikataa hawa sita, najua viwanda vinavyowapokea ni vichache, na bila mafunzo haya hawahitimu. Nikikubali kwa masharti ya meneja, wawili watafanya kazi ya mafundi bila malipo, wanne watakaa mlangoni kama mimi, na mwisho nitasaini tena. Nikibishana na meneja, mwaka huu natazamiwa kupandishwa cheo, naye ndiye anayependekeza majina. Nifanyeje?

Ni mimi, Niliyesaini.

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hizo siku za kukosa usingizi, na asante kwa kuniamini na jambo ambalo hujamwambia mtu.

Umeniuliza kuhusu watu sita: uwapokee au uwakatae. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naona mambo matatu yamefungwa katika furushi moja. Kuna hesabu ya watu na saa. Kuna meneja wako na cheo unachokitarajia. Na kuna saini ile, uliyoiweka karibu na mwisho, mahali watu wanapoweka kinachowalemea. Nitayagusa yote, ila hiyo saini naomba tuiache mpaka baadaye kidogo.

Kabla ya safu hii nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya utumishi, na wanafunzi wa mafunzo walipita mezani kwangu kila msimu. Kwa hiyo nianze kwa kukuuliza: una hakika ni chai iliyokuharibia? Nimewaona vijana waliopika chai asubuhi, na mchana wakapelekwa kwenye mota iliyofunguliwa, wakaonyeshwa beringi iliyochakaa, wakaulizwa, "Unadhani kilichoila ni nini?" Hao waliondoka wakiwa wahandisi. Nikiisikiliza hadithi yako, naona ulikosa mtu mmoja ambaye kazi yake, kwa jina lake, ilikuwa kuulizwa maswali na wewe. Kijana wa mwaka jana naye alikosa mtu huyo. Mzee alipewa kijana, lakini nani alimwambia Mzee kwamba kumfundisha ni kazi yake, na kwamba siku hizo apunguziwe nyingine?

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Mwanafunzi mmoja, hasa wiki tatu za mwanzo, huhitaji angalau nusu saa kila siku ya mtu anayekaa naye, anayetazama alichofanya na kumsahihisha. Nusu saa hiyo ni makadirio yangu kutokana na niliyoyaona, wala si sheria. Sita ni saa tatu kwa siku. Mna mafundi wawili pungufu. Hizo saa tatu zitatoka kwa nani? Ukienda kwa meneja na swali hilo, utakuwa umepeleka hesabu, na meneja wa kiwanda hesabu huielewa upesi kuliko kilio. Huenda aliandika "sita" kwa kuhesabu viti.

Umemchukulia kama mtu anayetafuta vibarua wa bure, na huenda ndivyo. Lakini ile kauli yake, "hata sisi tulipita hukohuko", mimi imenigusa. Mtu anayesema hivyo naye alipita mahali. Umewahi kumuuliza alifanya nini katika mafunzo yake? Inawezekana naye alinakili daftari. Inawezekana pia akakujibu kwamba yeye hakuharibikiwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Hiyo ni hatari ya swali hili, nami siwezi kukuondolea.

Kuhusu wale wawili wa kuziba pengo, hapo nakuomba uwe mwangalifu sana, hata ukiamua kukubali mengine yote. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ana nadharia ambayo fundi wako pengine hana, lakini hana mikono ya fundi. Anaweza kukokotoa mkazo kwenye boliti, na bado asijue ikiwa imekaza kupita kiasi. Ukimweka kwenye zamu kama fundi, mashine itadai kitu ambacho hajafundishwa, naye atajaribu, kwa sababu hataki kuonekana hajui. Kijana wa mwaka jana aliingiza mkono kwa sababu hiyohiyo.

Kisha kuna sheria. Zinatofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo za kwenu ziulize kabla ya kusema lolote kwa chuo. Lakini wazo lililo nyuma yake mara nyingi hufanana. Marekani, kwa mfano, mahakama zinapoamua kama mwanafunzi wa mafunzo asiyelipwa ni mfanyakazi anayestahili mshahara, huangalia nani anafaidika zaidi, mwajiri au mwanafunzi. Miongoni mwa mambo yanayopimwa ni kama kazi yake inakamilisha kazi ya walioajiriwa au inachukua nafasi yao. Meneja wako alipotamka kwamba wawili watachukua nafasi ya walioondoka, alitamka jambo ambalo mwanasheria wa kampuni asingependa kulisikia. Hilo unaweza kumwambia kwa upole, kama mtu anayemkinga, na huko si kubishana.

Posho nayo ina historia. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati huko Marekani, Herman Schneider alianza kuwachanganyia wanafunzi wa uhandisi darasa na kiwanda. Walikuwa 27, wakiwa wawiliwawili: mmoja darasani, mwenzake kiwandani, kisha wanabadilishana, ili kazi ya mwajiri isilale. Nao walilipwa. Mpango ulisimama juu ya kazi halisi na malipo tangu siku ya kwanza. Karibu zaidi na sisi, mwaka 2023, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi bora, yaani kujifunza ufundi ukiwa kazini. Linahusu wanagenzi, hivyo usilichukue kama linawasemea moja kwa moja wanafunzi wa vyuo. Ila mambo linayoyataka ni vigezo vizuri kwa yeyote anayempokea mtu aje kujifunza: makubaliano ya maandishi, malipo yanayofaa, na kinga ya usalama na afya.

Kama kweli hakuna fedha ya posho, uliza basi nauli, chakula cha zamu, na vifaa vya kujikinga ambavyo mwanafunzi hatavinunua mwenyewe. Nafasi isiyo na chochote huchuja watu kimyakimya. Atakayeiweza ni yule ambaye nyumbani wanaweza kumbeba wiki kumi. Mwenye kipaji asiye na nauli hutamwona, wala hutajua kwamba hukumwona.

Sasa njia zilizo mbele yako. Mimi naziona nne, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kupokea wote sita na kupigania mazingira yao ukiwa ndani. Faida ni kwamba sita wanahitimu. Ukishindwa kupata zile saa tatu, utakuwa umejenga meza sita karibu na mlango.

Unaweza kupokea wawili, labda watatu, na kuwapa mafunzo kamili. Hii watu wengi wangekushauri upesi. Usisahau kwamba wengine wataachwa, na kwamba mtu atalazimika kuchagua. Idadi ikiwa ndogo, simu za wajomba huanza kuingia. Ukiifuata njia hii, pengine chuo ndicho kichague kwa vigezo mnavyokubaliana, au wewe uzungumze na kila mwombaji dakika 20 kuhusu kitu alichowahi kukifungua kwa mikono yake na kukirudisha.

Unaweza kuwagawa kwa awamu kama Schneider, watatu kisha watatu, kama ratiba ya chuo inaruhusu. Kwa wiki kumi mfululizo huenda isiruhusu. Kuuliza ni barua moja tu.

Au unaweza kukiandikia chuo kwamba msimu huu hampo tayari, mtakuwa tayari msimu ujao, na kueleza mtakachokuwa mmekiandaa. Hili lina heshima yake. Lakini wewe mwenyewe unajua jinsi "msimu ujao" unavyopenda kuahirishwa.

Sikuchagulii, mwanangu. Mimi siko kiwandani kwenu na simjui meneja wako. Lakini kuna jambo linaloweza kubadilisha uzito wa njia zote nne, nalo ni kazi yenyewe. Umenieleza hofu zako kwa kirefu, hukuniambia hata mara moja wanafunzi hawa wangefanya nini.

Kila idara ya matengenezo ina kazi ambazo ni muhimu na hazina haraka, kwa hiyo hazifanyiki miaka nenda rudi. Hizo ndizo zinazomfaa mwanafunzi. Chupa za plastiki hupulizwa kwa hewa iliyoshindiliwa, basi kompresa zenu hazipumziki na bili ya umeme inajua hivyo. Katika viwanda ambavyo mabomba ya hewa hayakaguliwi, hewa inayovuja inaweza kufikia asilimia 20 hadi 30 ya yote inayotoka kwenye kompresa. Nilikuwa nalisikia hili kwa wahandisi wetu nikidhani wanatia chumvi, mpaka mwanafunzi mmoja alipotupimia. Alisubiri saa ambazo hakuna mashine inayotumia hewa, akaiacha kompresa ikawa inajaza na kupumzika yenyewe, akashika saa. Ikijaza dakika 3 na kupumzika dakika 7, maana yake dakika 3 kati ya kila 10 inafanya kazi kwa ajili ya matundu tu: asilimia 30. Baada ya hapo alizunguka na maji ya sabuni na vitambulisho vya karatasi, akafunga kimoja kila alipoona povu. Akachora ramani ya mabomba, ambayo kampuni haikuwa nayo. Mwishoni akasimama mbele ya wakuu na kuwaambia matundu yapi yazibwe kwanza na kwa nini.

Tazama kazi ile ilivyo. Ina mwanzo na mwisho, na wiki kumi zinaitosha. Inadai nadharia aliyoisoma na mikono asiyokuwa nayo bado. Akikosea hesabu, uzalishaji hausimami, ingawa bomba lenye shinikizo ni bomba lenye shinikizo na halifunguliwi bila fundi. Na daftari linajijaza lenyewe, kwa sababu kila siku kuna kipimo. Kwenu zitakuwapo nyingine: michoro ambayo hailingani tena na mitambo ilivyo, orodha ya vipuri ambayo haijaguswa, kumbukumbu za kukwama kwa mikanda ambazo hakuna aliyekaa akazihesabu. Ukiweza kuandika kazi mbili za namna hii, una nafasi mbili. Ukiweza kuandika sita, kila moja ikiwa na jina la anayeisimamia, basi "sita" ya meneja haitanitisha tena. Na karatasi hiyo ukimpelekea pamoja na makisio ya umeme unaopotea, huenda hata posho ikazungumzika. Huenda, sikuahidi.

Nije kwa Mzee. Umemwona kama mtu mwenye choyo. Mimi nimemsikia mtu mwenye hofu, na swali lake lilikuwa swali la kweli: nikishamfundisha, mtanihitaji kwa lipi? Ulimjibu nini? Katika barua yako hakuna jibu. Mtu mwenye miaka 27 kiwandani, anayeona mafundi wawili wameondoka na hawajarudishiwa wengine, akaletewa kijana wa chuo bila maelezo, ana sababu ya kuuliza. Labda angekuwa mwalimu mzuri kama ualimu ungeandikwa kwenye majukumu yake, akapunguziwa saa nyingine, na akaongezewa kitu. Kuna watu wangekushauri umpe mwanafunzi kazi ya kuandika yote anayoyajua Mzee, sauti gani inaashiria ubovu gani. Ni wazo zuri, na kwa Mzee huyu linaweza kuwa wazo la kutisha kuliko yote, maana ndilo hasa analoliogopa. Lisimfikie kutoka juu. Likitokea kwake, sawa. Na kama bado hataki kufundisha, ana haki hiyo. Katika wale tisa hakuna kijana aliyeajiriwa miaka mitatu iliyopita, anayekumbuka bado yalivyokuwa maumivu ya kutojua?

Usisahau pia kwamba yeye ndiye aliyepiga ukelele.

Kuhusu siku ile, wewe ni mhandisi na unajua kuliko mimi, lakini niseme nilichojifunza nikiandika taarifa za ajali. Swichi iliyozimwa ni ahadi tu, na yeyote anayepita anaweza kuivunja bila kujua. Kufuli kwenye swichi kuu, lenye jina la aliye ndani ya mashine na ufunguo mmoja ulio mfukoni mwake, ndilo linalozuia mkono wa anayerudi kutoka mapumziko. Mwanafunzi apewe kufuli lake na kitambulisho chake siku ya kwanza, kabla hajapewa kazi yoyote, na aonyeshwe kwamba hata umeme ukikatwa bado hewa iliyobaki kwenye silinda inaweza kusogeza chuma. Aambiwe kwa maneno ya wazi kwamba kusema "sijui" hakutampunguzia alama, na kwamba kugusa asichokijua kutamwondoa kiwandani. Najiuliza kama Mzee naye ana kufuli lake. Ikiwa hana, jambo hili ni la kiwanda kizima na haliwezi kusubiri wanafunzi. Na bima: ulizeni chuo kwa maandishi kama yao inamlinda mwanafunzi akiwa kwenu, mkaulize na yenu. Nimewahi kuona pande mbili, kila moja ikiamini ni ya mwenzake.

Sasa ile saini.

Mwanangu, umeibeba kana kwamba ni uongo wa kurasa tatu za mwisho. Nadhani unajua kwamba hata kurasa tano za kwanza zina utata, kwa sababu alikuwapo kiwandani bila kufundishwa. Ulipomwona kijana anaomba, ulijiona wewe, na ulimpa kile ulichopewa. Siwezi kukuita mtu mbaya kwa hilo. Siwezi pia kukuambia si kitu, kwa sababu huyo kijana huenda sasa yuko mahali ameshika nyundo na hajui aanzie wapi.

Kuna anayeweza kukushauri ukiandikie chuo na kueleza ukweli wote. Ungekuwa umesafisha jina la saini yako, na huenda ungemwangusha yeye kwa kosa ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa la kiwanda. Kuna atakayesema yaliyopita yamepita, lakini ungekuwa hulali kama ingekuwa hivyo? Ipo njia ndogo kati ya hizo: umtafute kijana mwenyewe. Muulize yuko wapi. Mwambie pole kwa siku ile, maana nahisi hakuna aliyemwambia. Muulize ni kitu gani kingemfanya abaki. Atakueleza kuhusu kiwanda chako mambo ambayo sisi wawili hatuyaoni. Na ukiona inafaa, kama bado anahitaji, mwalike aje hizo wiki tatu alizokosa. Anaweza kukataa. Anaweza hata kukasirika. Mengine kuhusu chuo utayapima vizuri zaidi baada ya kumsikia, na pengine mkiyapima pamoja, kwa kuwa na yeye yanamhusu.

Kwa hawa wanaokuja, daftari lisainiwe kila Ijumaa, lisomwe kweli, na chini ya kila wiki msimamizi aandike sentensi moja kwa mkono wake kuhusu alichokiona. Wiki ya tano mkae na mwalimu wa chuo mseme kinachokwenda na kisichokwenda, wakati bado kuna wiki tano za kurekebisha.

Cheo sikukisahau. Ni haki yako kukitaka, na ni haki yako kuogopa kukipoteza. Ila najiuliza kama kwenda kwa meneja na karatasi yenye kazi zilizoandikwa, saa zilizohesabiwa na swali la bima ni kubishana naye, au ni kuonyesha kazi ya cheo chenyewe. Wewe ndiye unayemjua, na wewe ndiye utakayesoma uso wake.

Una wiki mbili, na sehemu yake imeshapita. Nami kama ningekuwa wewe, pengine ningetamani kuzungumza na Mzee kabla ya meneja, tukiwa wawili tu, na swali lake la mwaka jana ningekuwa nimelitafutia jibu. Niandikie uniambie alisemaje.

Shangazi yako